Miezi Sita ya Tito, Miaka Mitatu ya Deno

Binti mmoja aliyeajiriwa mwaka huu kuwa afisa wa probesheni alinipigia simu wiki iliyopita. Simjui. Namba yangu alipewa na karani mmoja wa zamani ambaye hunitaja kila mtu akikwama, kana kwamba sijastaafu.

"Madam, samahani kwa kukusumbua," akasema. "Nimefika aya ya mwisho ya ripoti. Kijana ameiba mtungi wa gesi, ni mara yake ya kwanza. Huyo huwa tunamwandikia muda gani?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia. Nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa, nikijua kwamba nikianza kumjibu nitaongea saa mbili na mwishowe nitalia, na sipendi kulia kwenye simu na mtu nisiyemjua. Basi nimeona heri niwaandikie nyote mlioanza kazi juzi. Goti langu halinipandishi tena ngazi za ofisi yenu, na ngazi hizo ni nyingi.

Niwaeleze pia wale wasio wa kazi hii, maana najua karatasi hizi zitapita mikononi mwa watu. Kijana akipatikana na hatia, mara nyingi hakimu hamhukumu papo hapo. Anamtuma afisa wa probesheni aende nyumbani kwao akaone anaishi na nani, shule aliacha lini, majirani wanamsema vipi. Afisa anarudi na kurasa tatu au nne. Kurasa hizo hakimu anaweza kuzirukaruka, ana faili nyingine thelathini mezani, lakini aya ya mwisho anaisoma. Hapo unapendekeza arudi nyumbani chini ya uangalizi wetu, au afanye kazi ya jamii, au apelekwe kwenye taasisi. Mimi nimeandika aya hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Ningali sijui kuiandika vizuri.

Mnataka muda. Haya, tuseme muda. Nilipoanza nilikuwa nao kichwani kama mtoto anavyojua hesabu za kuzidisha. Mtu mzima akiiba kitu kidogo na hana rekodi, miezi kadhaa ya kufagia kwa chifu au kupalilia kwenye zahanati. Akipatikana na misokoto miwili ya bangi, inategemea hakimu amelala vipi. Akifanya wizi wa mabavu, hukumu iliyoandikwa kitabuni ilikuwa kifo. Lakini mvulana aliyefikisha miaka kumi na mitano na hajafika kumi na minane angeweza kupelekwa Borstal, gereza la vijana lenye darasa na karakana, na huko muda ulikuwa mmoja tu, miaka mitatu. Aibe betri, avunje kioski, ampige mtu kwa chuma, ni mitatu. Sheria ilisema huyu ni mtoto na hafungwi, anafunzwa, na mafunzo yana urefu wake.

Mmeona hapo? Kwa kosa dogo, utoto ulikuwa hasara. Kwa kosa kubwa, utoto ndio uliokuokoa shingo. Na vijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambao hawakuwahi kusoma sheria hata ukurasa mmoja, walikuwa wanalijua hilo kuliko mawakili. Kwa hiyo kila mmoja alikuja ofisini na umri wa kukidhi haja yake. Wa betri alikuwa na kumi na minane hata kama sauti haijavunjika. Wa wizi wa mabavu alikuwa na kumi na mitano na ndevu kidevuni. Nilikuwa na mmoja wa hao, mrefu hadi alikuwa anainama mlangoni, akaniapia kwamba ana kumi na minne na nusu. Nje kwenye benchi kulikuwa na mtoto wa miaka miwili akimwita baba.

"Na huyu?" nikamuuliza.

"Hiyo ni jina ya mtaa tu, Madam," akanijibu bila kupepesa macho.

Ilifika mahali tukawa hatuulizi kosa. Ukimwuliza kijana umri, unajua ameletwa kwa nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Kioko, mkuu wetu wa ofisi, mtu wa suti moja ya kahawia aliyeandika kila kitu kwa penseli kwanza. Alinifundisha kwenda nyumbani kwa mshtakiwa bila kutoa taarifa, kwa sababu ukisema unakuja utakuta Biblia mezani na kitanda kimetandikwa shuka jipya la jirani. Alinifundisha kuomba maji ya kunywa. Ukipewa kikombe, angalia ni vingapi vilivyobaki kwenye rafu na vimefunikwa au la. Alinifundisha kutomwandika mtu vibaya kwa maneno ya jirani mmoja, kwani kwenye ploti hizi za vyumba vya kupanga kila mtu ana ugomvi na mtu kuhusu kamba ya kuanikia nguo.

Na alinifundisha kuhusu mama wa kukodi. Msicheke, walikuwepo. Kijana asiyetaka kwao wajue, au asiye na mtu, angempata mama wa kumwombea. Kulikuwa na mmoja mnene mwenye leso ya maua, analia vizuri mpaka karani alikuwa akimletea chai. Mwezi mmoja aliletwa na kijana wa Kayole. Mwezi uliofuata akaja na kijana wa Baba Dogo, jina tofauti, kabila tofauti.

"Mama," nikamwambia, "si ni juzi tu ulikuwa hapa na yule mwingine?"

Akajifuta machozi yaliyokuwa bado yanatiririka. "Watoto ni baraka, Madam. Mungu hanipimii."

Bwana Kioko alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa dawa yake. Mwulize mama mtoto alizaliwa siku gani, akasema, halafu mwulize alikuwa anafanya nini uchungu ulipoanza. Wa kukodi atakutajia tarehe na kunyamaza. Mama mwenyewe atakuambia alikuwa anachambua mchele, nani alimbeba, mvua ilikuwa inanyesha au haikuwa. Hilo mwanamke halisahau. Dawa hiyo nimeitumia maisha yangu yote na haijawahi kunidanganya. Sasa nitawaambia ilivyomfunga Deno.

Deno na Tito walikamatwa Industrial Area mwezi wa Aprili wakiwa wamebeba betri ya lori kati yao, mmoja huku na mwingine kule. Betri ya lori ni nzito. Bawabu wa ghala hakulazimika hata kukimbia, aliwafuata kwa miguu mpaka walipochoka. Walikubali kosa siku iyo hiyo, wote wawili, na faili mbili zikaja mezani kwangu zimefungwa na uzi mmoja.

Tito alikuwa na kitambulisho, kipya, bado kinang'aa. Alikuwa na miaka kumi na minane na miezi miwili. Ya kwake niliimaliza kwa asubuhi moja. Deno alikuwa amekonda, shingo ndefu, anatazama viatu vyake vya mpira.

"Una miaka mingapi?"

"Eitini, Madam."

"Kitambulisho?"

"Sijaenda kuchukua. Lakini niko na eitini, uliza mathe. Si uniandikie tu eitini?"

Nilijua anachofanya na hiyo kumi na minane yake. Nilishasikia hilo mara mia. Nikamwita mama yake. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo, akitenganisha chupa kwa rangi, na alikuja saa ya chakula cha mchana akihema, na vidole vina gundi.

"Dennis alizaliwa Januari," akasema kabla sijauliza. "Tarehe moja, mwaka mpya. Kadi ya kliniki ilipotea tukihama."

"Pole. Na uchungu ulikuanza ukiwa wapi?"

Uso wake ukalegea. Wanawake wote hulegea hapo. Akasimulia jinsi alivyokuwa foleni ya mafuta ya taa, amejifunga sweta mbili, manyunyu ya asubuhi, baridi ile ya kuingia kwenye mifupa, na mama muuza mahindi ya kuchoma akamkalisha kando ya jiko lake ili apate joto. Alisimulia vizuri. Mimi nikawa naandika huku nikifurahi moyoni, kwa sababu Januari ya Nairobi ni jua na vumbi. Baridi hiyo na manyunyu hayo ni ya Julai na Agosti.

Sikumwambia kitu. Kesho yake saa saba mchana nilienda nyumbani kwao, huko huko Baba Dogo, bila taarifa, kama nilivyofunzwa. Mama alikuwa kiwandani. Alikuwepo dada yake Deno peke yake, wa darasa la pili, amerudi kula. Niliomba maji, akanipa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nikamsifu. Nikamwuliza ana miaka mingapi, akasema saba. Na wewe una kadi ya kliniki? Akasema anayo. Na Deno anayo?

"Ya Deno mama ameificha," akasema, "lakini mimi najua mahali."

Akapanda kitandani, akateremsha sanduku, akanyanyua nguo za Jumapili za mama yake na kunipa kadi. Alijivunia sana kunionyesha. Mvulana, tarehe kumi na tisa Agosti. Miaka kumi na saba na miezi minane.

Mashine ya fotokopi ya ofisi ilikuwa imekwama wiki hiyo na hata wino haukuwepo. Kesi ilikuwa keshokutwa. Nikaitia kadi ndani ya faili, nikamwambia mtoto, "Mwambie mama nitairudisha," nikaondoka. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa na ugali wa kumaliza na njia ya kurudi shuleni. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima kwenye chumba kile.

Mtaniuliza kwa nini sikupendekeza arudi nyumbani tukamwangalia. Ningeweza. Kulikuwa pia na kituo cha vijana cha miezi minne, ila mwezi huo tuliambiwa kimejaa. Lakini kwa nyumbani sina kisingizio. Msimamizi wa ploti yao aliniambia kijana huyo anashinda na watu wabaya na mama hamuwezi, nami nikayaandika maneno hayo kama yangu. Nilikuwa nimeamini Borstal. Nilikuwa nimeona karakana yake, vijana wamevaa ovaroli wanachomelea viti, na nikajiambia mvulana huyu atatoka na kazi mkononi. Tena nilikuwa na kiburi kidogo. Wote walikuwa wamenidanganya, mama na mwana, nami nilikuwa nimeupata ukweli kwa manyunyu tu.

Bwana Kioko alikuwa anasoma ripoti zetu kabla hazijapanda kwa hakimu. Aliirudisha ya Deno mezani kwangu, kidole kwenye aya ya mwisho.

"Krismasi ngapi hizi?"

Hilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu. Hakupenda neno miaka, alisema linapita mdomoni haraka mno.

"Tatu," nikamjibu.

"Zitaje."

"Bwana Kioko, nina faili kumi na moja."

"Zitaje tu. Ya kwanza atakuwa na miaka mingapi? Dada yake atakuwa darasa gani? Mama yake anayetenganisha chupa atakuwa anaamka saa ngapi kwenda kumwona, na mara ngapi?"

"Ni miaka mitatu tu," nikasema, "na atatoka na ufundi."

Akanitazama. Akachukua penseli, akaweka alama yake ndogo ya kuonyesha amesoma, akarudi kwenye kiti chake. Hakuwa mtu wa kubishana. Laiti angekuwa.

Siku ya hukumu mama yake Deno hakuja. Kibarua akikosa siku moja, kesho yake anakuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Hakimu alisoma faili zote mbili kwa pamoja. Tito, mtu mzima, miezi sita kufanya kazi ya jamii kwa chifu, kila asubuhi na fagio. Deno, mtoto kwa mujibu wa rekodi za kliniki, miaka mitatu Borstal. Betri ilikuwa moja. Deno aligeuka kumtazama Tito, halafu akanitazama mimi. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Lakini tulibeba wote," kwa sauti ya mtu anayerekebisha kosa dogo, na askari akamshika mkono.

Kuanzia hapo kazi ikaendelea. Ndivyo ilivyo, mnajua. Kila wiki faili mpya, na ukimkumbuka mmoja utashindwa kumwona anayefuata. Tito nilimwona akifagia uwanja wa chifu miezi yote sita, kisha akapata kazi ya utaniboi kwenye lori, kupakia na kushusha mizigo. Nilikuwa nampitia na kumsalimu. Bwana Kioko alistaafu. Kompyuta zikaja, tukaambiwa tusiandike hadithi, tujaze vijisanduku, na kompyuta inakuambia kijana huyu ni hatari kiasi gani. Halafu korti zikaingia kwenye simu, hakimu yuko nyumbani kwake, mshtakiwa yuko kwenye skrini ya ukubwa wa kiganja. Nasikia na sheria ya watoto mnayotumia sasa si ile ya kwetu. Vizuri. Mimi nilikuwa nimechoka kabla ya hayo yote.

Mwaka wangu wa mwisho walituambia tupange faili za zamani, za kuhifadhi huku na za kuchanwa kule. Ya Deno ilikuwa kwenye lundo la kuchanwa. Nilipoifungua kadi ikaanguka miguuni mwangu. Rangi ya kijani imefifia, pembe moja imetafunwa na mende. Nilikaa chini kwenye vumbi la stoo na suruali yangu ya ofisini.

Nilienda Baba Dogo kuitafuta ile ploti. Palikuwa pamejengwa ghorofa sita, na hakuna aliyewajua. Nikaitia kadi ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani nikastaafu nayo. Ofisi hairuhusu kutoka na kitu kilicho kwenye faili. Mnishtaki.

Sasa naishi Kayole, chumba cha chini kwa sababu ya goti. Bawabu wetu ana desturi ya kuchukua vitambulisho vya mafundi wanaoingia. Mwezi uliopita lango la ploti lilitoka bawaba, akaletwa fundi wa kuchomelea. Bawabu akaenda kula akaniachia kitambulisho cha fundi, kwa kuwa mimi ndiye mzee wa ploti ninayeshinda nyumbani. Fundi akamaliza, akavua miwani yake nyeusi, akaja mlangoni kwangu.

"Mathe, nimemaliza. Nipatie kitambulisho."

Nilivaa miwani yangu nione nisimpe mtu kitambulisho cha mwingine. Nikasoma jina, yote matatu. Nikasoma tena. Chini yake, tarehe ya kuzaliwa: moja Januari. Mwaka ni ule ule wa kwenye kadi, ila Agosti imekuwa Januari.

"Deno," nikasema.

Alinikazia macho muda mrefu. Shingo ile ile ndefu. "Ni wewe? Madam wa probesheni? Si ulikuwa na nywele nyingi?"

"Ilikuwa wigi."

Akacheka kidogo, nami nikashukuru kicheko hicho kuliko nilivyostahili. Nikamkaribisha, akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asichafue kitambaa. Nikamwuliza kwa nini imeandikwa Januari.

"Nilitoka Borstal sina karatasi hata moja," akasema. "Kadi ilikuwa imepotea. Kuenda kwa chifu, naambiwa leta kadi. Kuenda hospitali, naambiwa leta kadi. Industrial Area hawachukui kibarua bila kitambulisho, karao wakikupata bila kitambulisho unalala ndani. Nilizungushwa mwaka mzima na zaidi, Madam. Mwisho mathe akaenda kuapa. Alikuwa ashawaambia nyinyi Januari kitambo, akaogopa kubadilisha. Wakaandika moja Januari."

Nilikuwa nahesabu na vidole, kama mtoto. Aprili. Miaka kumi na minane na miezi mitatu.

"Usisumbuke, nilipiga hiyo hesabu siku ile nilipewa," akasema. Alikuwa anakigeuzageuza kitambulisho mkononi. "Huyu jamaa wa hapa alikuwa mtu mzima. Huyu angefagia kwa chifu na Tito, miezi sita, imeisha hiyo."

"Na ufundi ulijifunza huko?"

"Huko. Siwezi kukudanganya, walinifunza vizuri. Lakini Baba Dogo kuna mafundi kila kona, Madam. Hata hapo ningejifunza, nikilala nyumbani."

Nilienda chumbani nikaleta kitabu cha nyimbo, nikakifungua, nikamwekea kadi magotini. Nikamwambia yote: manyunyu, dada yake, sanduku, mashine iliyokwama. Nilimwambia anisamehe. Nilisema mara mbili.

Aliitazama kadi bila kuishika. Ina michoro ya uzito wake kila mwezi, vinukta vya muuguzi vikipanda polepole.

"Sisi tulifikiri nyinyi mlienda kliniki wenyewe," akasema hatimaye. "Mathe hadi wa leo anajua ni yeye aliipoteza. Anasema alikudanganya kwamba imepotea, Mungu akaichukua kweli. Anasema ni yeye alinimalizia huo mwaka mwingine. Kila Agosti lazima aiseme."

"Chukua. Nenda wakurekebishie."

"Ya nini?" Akatikisa kichwa. "Cheti cha ufundi, benki, mtoto wangu shuleni, kila mahali ni Januari. Nikipeleka hii wataniambia mimi ni mwongo. Kaa nayo."

Halafu akatoa simu mfukoni. Alibonyeza, akasubiri, akasema, "Mathe, niaje. Uko na nani? Na Mami? Poa. Kuna mtu anataka kukusalimia." Akanipa simu. "Mwambie wewe."

Mama yake sasa yuko ushago, kijijini kwao, na Mami, binti yake, yule aliyenipa maji kwa mikono miwili. Nilijitambulisha. Nikamwambia kadi haikupotea. Nikamwambia mimi ndiye niliyeichukua siku fulani mchana akiwa kiwandani, nikaiacha kwenye faili miaka yote hii, na sasa iko mbele yangu, na kwamba niko tayari kusikia lolote atakalosema.

Nilijiandaa kwa matusi. Ningeyapokea yote, nafikiri hata nilikuwa nayataka. Hakutukana. Nilisikia anavuta pumzi, na kuku nyuma yake, na sufuria ikiwekwa chini.

"Iko mzima?" akauliza.

"Pembe moja imeliwa na mende."

"Hiyo kadi ni yangu, Madam. Kama Dennis haitaki, mimi naitaka. Nitumie na basi."

Nikasema nitaituma kesho yake asubuhi, na niliituma, nimeifunga kwa karatasi tatu na plastiki juu. Hiyo ilikuwa aya yangu ya mwisho, binti, na sikuhitaji kompyuta. Sasa wewe keti chini na huyo kijana wako wa mtungi wa gesi, uzitaje Krismasi zake moja moja kabla hujaandika namba, kisha unipigie. Nitapokea.

Lakini nilikuwa nasema kuhusu ile simu. Nilidhani mama yake Deno amekata. Nilikuwa namrudishia Deno simu nikamsikia bado yuko, anazungumza na binti yake humo nyumbani, kwa sauti ya juu kuliko ile aliyonisemesha nayo.

"Umesikia? Iko kwa Madam! Sikuipoteza! Sikuipoteza mimi!"